Kiu ya Njiwa wa Albano

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule ya misheni kulia, Sesilia alifagia uwanja wa nyumba yao pale Temeke, kisha akachukua ndoo na kwenda bombani. Maji ya kwanza yalikuwa ya njiwa. Ndivyo kaka yake Albano alivyomwagiza siku alipopanda treni kwenda kufanya kazi Morogoro.

"Chakula watajitafutia hata jalalani," alimwambia, "lakini kiangazi hiki maji hawana pa kuyapata ila kwako. Usinisahaulie njiwa wangu, dada."

Sesilia alikubali, na mwanzoni hakukosa hata siku moja. Njiwa waliishi katika sanduku la mbao ambalo Albano alilitoboa milango midogo na kuliweka juu ya nguzo nyuma ya jiko. Chini ya nguzo palikuwa na bakuli la udongo la kunyweshea. Mama yao alikuwa amekwenda Newala kumuuguza bibi. Baba yao, mzee Fransis, alikuwa mchonga vinyago, na mkono wake ukishashika tezo na kipande cha mpingo, masikio yake yalikuwa yamekwenda likizo. Kwa hiyo njiwa hawakuwa na mtu mwingine isipokuwa Sesilia.

Siku moja darasani, Mwalimu Revelian aliweka chaki mezani na kuwauliza wanafunzi swali la kuwachangamsha.

"Tuseme mali yenu haina mwisho. Kiwanja kikubwa mnacho, na ruhusa mnayo. Kila mmoja angefuga mnyama gani?"

Darasa likavuma. Marijani akasema angefuga kiboko na kumlaza mlangoni, aone ni nani atakayethubutu kuja kumwamsha asubuhi. Felicitas, ambaye baba yake alikuwa mpishi wa Mzungu, akasema angefuga mbwa wa kulala juu ya godoro na kula nyama kwenye sahani, maana alikuwa amemwona wa namna hiyo kwa macho yake.

"Mie ningefuga twiga," akasema Sesilia. "Ningemjengea banda lenye paa refu kuliko la kanisa. Asubuhi angechungulia dirishani kuniamsha. Jioni ningepanda ngazi nimfute vumbi kwenye kope kwa kitambaa cha hariri. Nisingelala kabla sijamwona amekula na kunywa akashiba."

Wenzake wakampigia makofi. Mwalimu akatabasamu, akasema, "Huyu ndiye mfugaji!"

Sifa hiyo ilimlevya Sesilia. Tangu siku hiyo mchezo wa "ningefuga" ulihamia bombani, na yeye ndiye aliyekuwa malkia wake. Leo alifuga tausi, kesho farasi mweupe, keshokutwa swala wawili wenye kengele za fedha shingoni. Watoto walimzunguka wakimwambia aongeze. Alipitwa na zamu yake kwenye foleni huku akisimulia, na alipoishika ndoo yake kengele ilikuwa inakaribia kulia. Maji aliyoyabeba yalitosha mtungi wa nyumbani tu. "Njiwa nitawawekea jioni," alijiambia. Jioni nayo ilikuja na mambo yake.

"Njiwa wamekunywa?" baba yake alimwuliza walipokuwa wakila ugali.

"Wamekunywa, baba," akajibu.

Uongo ule wa kwanza aliusema akiwa ameinamisha uso. Wa siku iliyofuata ulipita bila taabu, na baadaye akawa anajibu huku akitafuna.

Alasiri moja aliporudi kutoka shule aliona sanduku liko kimya. Hakuna aliyekuwa akiguna, hakuna aliyekuwa akipiga mabawa. Alipoinua macho aliwaona njiwa wote wamejipanga juu ya paa la makuti la jirani yao, Bi Mwajabu, mjane wa Kizaramo aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na bomba. Sesilia akatazama chini ya nguzo. Bakuli lilikuwa kavu, na buibui alikuwa ametandaza utando wake kutoka ukingo huu hadi ule.

Alielewa papo hapo. Uso ukamwaka moto. Lakini alimfikiria Albano, akafikiria yale makofi ya darasani, akaona hawezi kusema. Felicitas alipokuja kumpitia na kuuliza njiwa wamekwenda wapi, neno likamtoka:

"Bi Mwajabu kawachukua. Kawatilia dawa kwenye mtama."

"Dawa!" Felicitas akashika mdomo. "Kumbe ndivyo alivyo?"

Asubuhi ya pili habari ilikuwa imefika bombani kabla ya Sesilia. Wanawake waliozoea kununua vitumbua walipita mbele ya sinia la Bi Mwajabu wakitazama pembeni. Mmoja akanong'ona, "Mtu wa kuvuta njiwa wa watu kwa dawa, unajuaje vitumbua vyake anavitia nini?" Bi Mwajabu alikaa, akasubiri, akafukuza nzi kwa ncha ya kanga. Jua lilipokuwa kali alijitwisha sinia lake likiwa limejaa vilevile, akarudi nyumbani bila kujua kosa lake. Sesilia aliyaona hayo yote. Aliona aibu kumwamkia, akajificha nyuma ya ndoo yake kama mwizi.

Uvumi haukukawia kumfikia mzee Fransis. Akaweka tezo chini, jambo ambalo hakulifanya mchana ila kwa msiba.

"Umesema wewe maneno haya?"

"Ndiyo, baba. Njiwa wako kwake."

"Basi twende tukamwulize mwenyewe. Mtu hasemwi vichochoroni na mlango wake uko wazi."

Walimkuta Bi Mwajabu uani akitawadha kwa ajili ya sala ya alasiri. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kopo mkononi, miguu juu ya jiwe bapa. Kila alipomimina, maji yalitiririka juu ya jiwe, na njiwa wa Albano walikuwa wamemzunguka miguuni, wakisukumana na kunywa matone kabla hayajazama mchangani. Mzee Fransis alisimama mlangoni akatazama. Akamsubiri mama yule mpaka alipomaliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Albano. Karibuni. Hata mie nilikuwa nije kwenu. Hawa njiwa wenu wamepatwa na nini? Nikishika kopo tu hao, wananikanyaga mpaka vidole. Mtama sina wa kuwapa, lakini kiumbe mwenye kiu nitamfukuzaje?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na wateja wangu nao wamenikimbia. Sijui nimewakosea nini."

Mzee Fransis akageuka polepole.

"Sesilia. Bakuli la njiwa lina maji?"

Sesilia alitazama vidole vya miguu yake. Alitamani ardhi immeze.

"Halina, baba. Siku nyingi halina. Nilikuwa nakudanganya."

"Na hilo jingine mwambie mwenyewe bibi yako."

Maneno yalitoka kwa vipande, yamechanganyika na machozi. Alipofika kwenye neno "dawa", Bi Mwajabu aliketi tena kwenye kigoda kwa kishindo.

"Dawa? Mie, Mwajabu? Nimezaliwa hapa, nimezika mume hapa." Akajifuta uso kwa kanga. "Mjukuu wangu, neno hilo huujui uzito wake. Ila waliolisikia wanaujua."

Hakumgombeza zaidi. Sesilia angeona heri apigwe kuliko kumwona bibi yule analia kwa ajili yake.

Kesho yake mzee Fransis alimpeleka bombani wakati foleni ni ndefu. Hakumsaidia hata neno moja. Sesilia alisimama mbele ya wanawake, mbele ya Felicitas na Marijani na watoto wote waliokuwa wakimwita malkia, akasema: "Bi Mwajabu hakuchukua njiwa. Hakuna dawa. Mimi ndiye niliyewaacha na kiu wakahama, kisha nikamsingizia." Mtoto mmoja akacheka. Felicitas aliinamisha uso, maana yeye ndiye aliyelieneza neno lile. Yule mwanamke aliyenong'ona alikwenda mbele ya sinia, akanunua vitumbua, akaomba radhi bila kuinua macho. Wengine wakamfuata. Lakini wapo waliopita tu siku ile, na Sesilia aliwaona.

Bi Mwajabu mwenyewe ndiye aliyewaelekeza jinsi ya kuwarudisha njiwa. Jua lilipotua waliwashika mmoja mmoja, wakawatia sandukuni, wakafunika milango kwa wavu. Sesilia akawa anawapelekea maji na mtama mwenyewe mpaka walipomzoea tena. Walipofunguliwa, waliruka juu, wakazunguka, wakarudi juu ya sanduku lao. Wawili tu hawakurudi. Walikwenda moja kwa moja kwenye makuti ya Bi Mwajabu.

"Niwafuate, baba?" Sesilia aliuliza.

"Waache. Wameshachagua," alijibu mzee Fransis. "Nimesikia habari za twiga wako, mwanangu. Kuwaza si vibaya. Hata mimi kinyago huanza kwa kuwaza. Lakini mnyama wa mawazoni hali, hanywi, wala hafi kiu ukichelewa, ndiyo maana kumpenda ni rahisi. Aliye hai anakutaka kila siku, hata siku usiyosifiwa na mtu. Na ukikosea, sema umekosea siku ileile. Wewe uliogopa aibu ndogo ya bakuli kavu, ukamtwisha mwenzio aibu kubwa, na wapo ambao mpaka leo hawanunui vitumbua vyake."

"Nimeelewa, baba."

"Albano akija Krismasi atawahesabu njiwa wake, na ataniuliza wale wawili wako wapi. Mimi sitamjibu. Utamjibu wewe."

Sesilia akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua ndoo, akapita kwanza kwa Bi Mwajabu kumwuliza kama naye alihitaji maji.