Kilima Nyuma ya Kifaru

"Shuka kwenye hiyo ngazi."

"Hata salamu hakuna? Siku tatu hunipigii simu, leo unakuja na amri!"

Mchoraji alikuwa na rangi hadi kwenye nyusi. Kwenye ukuta mzima wa soko alikuwa amemchora kifaru jike na ndama wake, wa mwisho katika hifadhi anayolinda mchumba wake. Mchoro ungezinduliwa kesho yake, watu waone kinachopotea. Jamani, kifaru yule alibakiza kupumua tu!

Mchumba huyo, askari wa wanyamapori, hakumtazama kifaru. Alinyoosha kidole kwenye kilichochorwa nyuma yake.

"Kile kilima chenye vichwa viwili umekitoa wapi?"

"Kwenye picha uliyonitumia mwenyewe. Si uliniambia ndipo anaponywea maji?"

"Nilikuambia wewe, mpenzi, sio mji mzima! Jangili akikiona tu, kifaru wetu kwisha."

Mchoraji akashuka, akakitazama kilima. Miezi minne amemchora mnyama kwa mapenzi, kumbe anamchorea ramani muuaji wake!

"Mkuu wangu anataka ukuta wote upigwe chokaa."

"Na wewe umekuja kuniacha?"

"Nimekuja kuona utafanya nini."

Bibie ni mbishi, hilo tusifichane. Lakini siku hiyo alifungua kopo la rangi ya bluu, akapanda ngazi tena.

"We dada, unaharibu!" alipiga kelele mama muuza nyanya.

"Siharibu, mama. Nilikosea mimi. Alipo huyu mnyama hapasemwi."

Kilima kikageuka anga. Mama akashika kiuno.

"Basi liandike hilo, mwanangu, kila mtu alisome."

Akaliandika, herufi kubwa kuliko pembe: ALIPO HATUSEMI.

Kesho yake soko lilifurika. Mwandishi wa habari wa redio akamsogezea mama kipaza sauti, matangazo yakiwa hewani.

"Kifaru huyu anaishi wapi hasa?"

"Hatusemi!" akajibu mama.

"Hatusemi!" likaitikia soko zima, wauza samaki, wabeba mizigo, hata wateja. Mchoraji akalia mbele za watu bila aibu.

Kwenye simu ya askari ukaingia ujumbe wa mkuu, aliyekuwa akisikiliza redioni: "Chokaa acha. Jana nilikuwa na walinzi kumi na wawili, leo nina soko zima. Nani kachora?"

Askari hakuandika jibu. Alimpigia, akaelekeza simu kwenye umati, kisha akapaza sauti mpaka ngazi ikatikisika:

"Mke wangu, Mkuu! Mahari napeleka Jumamosi!"