Punje ya Bwana Aleki

Jua lilikuwa linazama Anatolia alipoingia mgombani na mundu wake kukata mkungu wa ndizi. Binti yake Klaudia alikuwa amekuja kutoka Buhembe kujifungulia nyumbani, huku karibu na Rubya, na tumbo la miezi tisa halidanganywi kwa wali.

Mara akasikia harufu. Tumbaku... na sufu iliyolowa.

Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Kando ya kaburi la babu yake, Mushumbusi, alisimama mzungu mrefu, buti za askari miguuni, sketi ya miraba ikimfika magotini.

Anatolia hakuuliza ni nani. Picha ya mzungu huyu baba yake aliifungia sandukuni, akakataza isitundikwe. Bwana Aleki, lodi, kabaila wa Uskoti, aliyeacha jumba lake la mawe akaja huku kupigana na Wajerumani. Alipopigwa risasi pajani Mushumbusi alimbeba mgongoni, na alipopona wakala omukago, udugu wa damu. Kila mmoja alijichanja kando ya kitovu, akapaka damu yake punje moja ya tunda lile lile la kahawa, mwenzake akaimeza. Tangu hapo mtoto wa huyu ni mtoto wa yule.

Kisha ndugu huyo akawachukua wana watatu wakubwa wa Mushumbusi wakabebe mizigo ya vita. Hakurudi hata mmoja; akabaki kitinda mimba tu, baba yake Anatolia. Yeye alirudi kwao, akaoa, akazaa wavulana watatu. Barua? Thubutu!

"Wanangu walikufa wote," mgeni alinong'ona kwa Kihaya safi. "Nyumba yangu haina mtu. Nimekuja kwa ndugu yangu."

Hofu ilimshika Anatolia, lakini hasira iliipita hofu.

"Na baba zangu wakubwa? Umewazika wapi?"

Mzungu alitazama buti zake.

"Sijui."

"Hujui! Watoto wa watu, halafu hujui!"

Mzungu alinyoosha kiganja. Palikuwa na punje moja ya kahawa, mbichi, nyekundu kwa damu.

"Simezi kitu chako," Anatolia alisema, mundu juu.

"Hii si yako, ni yangu. Yenu imeshamezwa."

Akaitia kinywani.

Mundu ulishuka kwa nguvu zote, ukazama kwenye mgomba; mzungu hakuwapo tena.

Anatolia alikimbilia nyumbani... Klaudia alikuwa kibarazani na simu yake, akijilamba midomo.

"Mama, umeonana na yule mzee? Kaomba maji, kanipa punje ya kahawa nitafune."

"Ukaipokea?"

"Sasa kahawa ya mgeni nikatae? Si ungenisema mwenyewe?"

Kwenye gauni lake, kando ya kitovu, palikuwa na tone la damu.

"Sijui nimejikwaruza wapi," Klaudia alisema.

Anatolia alitaka kupiga kelele, lakini ampigie nani? Habari za Aleki hakuwahi kumsimulia Klaudia. Alikuwa amezifungia sandukuni, kama baba yake.

Mtoto alizaliwa Alhamisi, wa kiume, mzima wa afya. Mkunga alipofunga kitovu aliuliza kovu la chale pembeni yake limetoka wapi, maana lilikuwa la zamani, limeshapona. Anatolia alimfunika mtoto kwa khanga.

Kila jioni Anatolia humwogesha mjukuu wake. Anampenda mno. Lakini mkono ukifika pale kitovuni hasira humpanda, na mtoto hutulia tu akimtazama, utosi wake ukinuka tumbaku.