Daftari la Majeraha

— Wifi, hicho kikombe chake usikiguse.

Nikarudisha mkono. Nilikuwa nimeingia karakana ya Fundi na chupa ya chai, kama kila siku tangu anichumbie miezi miwili nyuma. Dada yake kakaa juu ya kitanda ambacho hakijapakwa vanishi, kanikazia macho. Fundi mwenyewe yuko kwenye benchi lake, kidole gumba kimefungwa bendeji, anajifanya anapima ubao.

— Kikombe kina nini?

— Kikombe hakina kitu. Mikono ndiyo ina kitu. Umezika mume. Ukachumbiwa na dereva, hata mahari haijatolewa, lori likapinduka naye. Sasa kaka yangu tangu akujue kajikata mara tatu. Unataka naye tumpeleke kaburini?

— Mume wangu aliugua mapafu miaka minne, namgeuza kitandani kwa mikono hii hii. Lori lilikatika breki. Breki nilikuwa mimi?

— Mambo ya breki siyajui. Najua ninachokiona.

Nikamtazama Fundi. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake. Akapuliza vumbi la mbao ambalo halikuwepo.

— Fundi, unasikia mchumba wako anavyosemwa?

— Dada ana hofu tu, akasema taratibu. Labda harusi tungeisogeza mbele kidogo. Hali itulie.

Hali gani? Harusi ni Jumamosi. Gauni nimelishona mwenyewe, linaning'inia nyuma ya mlango wangu.

Mimi mtu wa sala, sauti huwa sipandishi, na siku ile pia sikuipandisha. Nilikwenda ukutani kwenye sanduku la dawa. Karakana ile ina utaratibu: anayeumia, kabla ya kuchukua bendeji, anaandika kwenye daftari tarehe, jeraha na sababu. Nikalifungua, nikasoma mistari ya Fundi peke yake.

— Tuhesabu pamoja, wifi. Umesema mara tatu. Haya, miezi miwili kabla hajanijua: patasi, mara mbili. Msumeno. Msumari mguuni. Randa. Tano hizo. Nazo nilizituma mimi?

Hakupepesa macho.

— Si ndiyo nasema. Mkosi wako ulikuwa njiani unakuja.

Kicheko kilinitoka, cha hasira. Akijikata, ni mimi. Asipojikata, ni dua za dada yake. Mwanamke huyu alikuja na jibu lake mkononi, anatafuta tu swali la kulivalisha.

Nikafunua ukurasa wa mwisho, majeraha yale matatu mapya. Mahali pa sababu, neno moja, mara tatu: *Mkosi.* Na mwandiko ule naujua. Ndio ulioniandikia barua ya posa.

— Fundi. Hii umeandika wewe?

Akaficha kidole chenye bendeji mfukoni.

— Dada yako namwelewa, hanijui. Wewe umekunywa chai yangu miezi miwili, unaniambia nimekurudishia uhai. Ukishameza, unageukia ukutani kuandika hivi?

— Niliogopa, mama. Dada alisema leo, akasema kesho, mpaka nikishika msumeno naona sura yako.

— Ndiyo maana umejikata. Ulikuwa unanitazama mimi kichwani, ubao hauuoni.

Nikachukua chupa yangu, nikaondoka. Chai sikuwaachia.

Kesho yake mchana simu ikaingia ujumbe: "Nisamehe. Nilikuacha usemwe na mimi nipo."

Nikamjibu: "Mungu husamehe bure. Mimi nataka kuliona hilo daftari."

Akaja nalo, kalibana kwapani. Neno lile alikuwa amelikata kwa mstari, pote patatu. Pembeni kaandika: *Msumeno butu. Patasi butu.* Na pa tatu: *Woga wangu.*

— Mpigie dada yako. Weka sauti nisikie.

Akapiga.

— Dada, harusi ni Jumamosi. Haisogei.

— Ukifa usiniite.

— Nikifa nitakuita kwa simu gani?

Nikageuza uso nisionekane nacheka. Siwezi kusema nilimsamehe siku ile. Nilianza.

Jumamosi tukafunga ndoa. Wakati tunaingia nyumbani kwake, palepale ubavuni mwa karakana, Fundi, keshavua viatu, akajikwaa mlangoni, akaanguka kwa magoti. Ukucha ukang'oka, damu ikachafua soksi nyeupe.

Wageni wakasogea. Nikayaona macho yakihama, moja baada ya jingine, kutoka kwenye kidole chake mpaka usoni kwangu. Wifi kashika mdomo, kichwa anatikisa, kana kwamba kapewa haki yake. Nikasimama wima na gauni langu, nikingoja. Safari hii nisingemsemea; aseme mwenyewe.

Fundi akakaa chini, akavua soksi, akakipima kizingiti kwa kiganja.

— Hiki nilikipigilia mwenyewe mwaka juzi, akasema, na kila mtu akasikia. Kimezidi kimo. Nileteeni daftari niandike.