Siku Ambazo Zuwena Hakuziandika

Maneno yalimfikia Zuwena kantini ya chuo, kikombe cha chai kikiwa mdomoni. Martha, rafiki aliyekaa naye darasani tangu mwaka wa kwanza, aliinama akamnong'oneza kwamba Mabruki ameonekana stesheni ya Bukene, amebeba mtoto begani, na kando yake mwanamke mwenye kikapu, wanatembea kama watu wa nyumba moja.

"Nani kamwona?"

"Watu."

"Watu gani, Martha? Hawana majina hao?"

"Shoga, mie nimekuletea kama nilivyoletewa. Usije ukasema sikukwambia."

Zuwena akacheka kwa dharau, akamaliza chai yake. Lakini maneno yale yalimganda. Akifua yapo, akisuka nywele yapo, akisali yanamkatiza.

Na kabla ya siku ile hakuwa na sababu hata moja ya kumshuku Mabruki. Walikutana Soko Kuu la Tabora, Jumamosi, watu wamejaa hadi wanakanyagana, harufu ya asali imechanganyika na ya samaki wakavu. Zuwena alikuwa amevaa dera jipya la rangi ya samli na mtandio wa kijani. Alipopita kwenye baraza ya mafundi, pindo la dera likanasa kwenye gurudumu la cherehani iliyolazwa chini, grisi nyeusi ikalichora hadi gotini.

"Wee kaka! Cherehani inalala njiani kama mlevi?"

Kijana aliyekuwa ameipigia magoti akainua uso. Mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, mikono imejaa mafuta hadi kwenye viwiko.

"Samahani, dada'ngu. Kazi yangu kutengeneza cherehani, sikujua leo itanitegea ndege."

"Ndege babu yako! Dera langu nani atalifua?"

"Nitalifua mwenyewe. Tatizo ni utakavyorudi nyumbani."

Zuwena alitaka kukasirika, cheko likamtoka. Tangu hapo simu zikawa haziishi.

"Leo mmesoma nini, mke wa mtu?"

"Mke wa nani? Tumesoma uwezekano. Kisichoweza kutokea ni sifuri, cha hakika ni moja."

"Na mimi kukuoa?"

"Sifuri nukta mbili."

"Nikileta karanga za kukaanga?"

"Nukta nne."

"Basi naleta gunia zima, nifike mia!"

"Haizidi moja, mjinga wewe."

"Moja hiyo hiyo inanitosha, mpenzi. Sitaki wa pili."

Huyo ndiye aliyeonekana Bukene. Na ni kweli, Mabruki alikuwa akipanda treni ya Mwanza na kushuka Bukene, tena mara kwa mara. Zuwena alipomuuliza anafuata nini, alijibu, "Kazi, mama. Cherehani zipo kila mahali," kisha akabadilisha mazungumzo. Betri ya simu yake ilikuwa imechoka, basi akishaondoka Tabora namba yake haipatikani.

Chuoni walikuwa wamefika kwenye ekonometriki, somo la kupima mambo ya uchumi na ya watu kwa takwimu. Mwalimu Masolwa, mtu mpole mwenye lafudhi ya Kisukuma, aliwafundisha rigresheni: unatia nukta zako kwenye karatasi, unapitisha mstari katikati yake, uone kama kitu hiki kikipanda na kile kinapanda. Akawafundisha na kupima dhana. Unaanza kwa kudhani kwamba hakuna kitu, mtu hana kosa. Takwimu zikilikataa wazo hilo kwa nguvu, ndipo unaliacha. Na hata hapo, alisema, katika mara mia unaweza kumwonea asiye na kosa mara tano. Kisha akawapa kazi: kila mmoja akusanye takwimu zake.

Zuwena akanunua daftari. Kila simu ya Mabruki ilipokuwa kimya aliandika tarehe, saa ngapi za ukimya, na kama siku ile treni ya Mwanza ilikuwa imepita. Miezi miwili hakumwambia mtu.

Katikati ya hayo barua ya posa ikaja. Wazee wawili wa ukoo wa kina Mabruki waliileta wamevaa kanzu nyeupe, imefungwa katika kitambaa cha hariri. Baba yake Zuwena, Mzee Shaban, akaipokea kwa mikono miwili, akaomba siku saba za kujibu. Kwa watu wale posa ni mara moja. Barua ikirudi, hairudi tena mlangoni hapo.

Siku ya sita Zuwena akaingiza namba zake kwenye kompyuta ya chuo. Mstari ukapanda kama ngazi. Siku za treni, ukimya. Treni ikikosekana, ukimya mfupi. Dhana ya kwamba hakuna kitu ilikataliwa, wala si kwa kubahatisha. Akarudi nyumbani uso umekauka.

"Baba, irudishe."

Mama yake aliyekuwa akichambua mchele akaweka ungo chini. "Mwanangu, umemuuliza mwenyewe?"

"Sina haja, mama. Takwimu zimeshajibu."

"Takwimu ndiyo nani?"

"Mama, huwezi kuelewa."

Mama akauokota ungo wake. Kesho yake Mzee Shaban akaibeba barua mwenyewe, akairudisha.

Jioni ile ile Mabruki akapiga.

"Zuwena, nimekukosea nini? Niulize chochote."

"Bukene kuna nani?"

"Hilo nilitaka nikueleze tukiwa tumekaa. Ni mambo ya nyumbani, mpenzi, si ya kwenye simu. Nipe siku moja tu."

"Umeshanyamaza siku za kutosha. Ninazo zote hapa."

Akakata, akamfungia namba.

Wiki tatu zikapita. Kazi za darasani zikarudishwa. Zuwena alikuwa ameandika juu ya "fundi mmoja" bila kutaja jina, na alitegemea sifa. Mwalimu Masolwa akamwita mezani.

"Binti, hesabu yako haina kosa. Ila nionyeshe siku ambazo huyu fundi alipokea simu."

"Hizo sikuziandika, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Siku hizo... nilikuwa nimefurahi. Sikukumbuka daftari."

Mwalimu akavua miwani. "Basi umekusanya machungu yako peke yake, ukayapitishia mstari. Jingine, umenionyesha kwamba anapanda treni. Anakwenda kwa nani, na kwa nini, hayo hayamo humu."

Zuwena akatoka, akakaa kwenye ngazi, akafungua orodha ya simu alizopigiwa. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Siku za treni zilikuwa ishirini na mbili. Katika hizo, siku kumi na tatu alipigiwa na namba ngeni, na kila mara alikuwa Mabruki, ameazima simu ya mtu, anamuuliza amekula nini, anamwimbia, anamchekesha mpaka machozi. Siku kumi na tatu! Hakuna hata moja iliyoingia daftarini. Akampigia Mabruki. Simu imezimwa. Akapiga ile namba ngeni.

"Shikamoo. Namuulizia Mabruki, fundi."

"Marahaba. Wewe ni Zuwena?" Sauti ya mwanamke, ya upole, imechoka. "Akija huku alikuwa akiniomba simu akupigie. Mimi ni Mwanamkuu, mke wa marehemu kaka yake, Yahaya."

Zuwena hakungoja zaidi. Siku ya treni akavaa baibui, akafunga matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye mfuko, akapanda. Hakuyagusa njia nzima.

Nyumba ya Mwanamkuu ilikuwa nyuma ya stesheni, cherehani tatu barazani. Mabruki alikuwa akifunga mkanda wa moja yao, mtoto wa marehemu amelala kwenye mkeka. Alipomwona Zuwena akasimama, bisibisi ikamdondoka.

"Mabruki, nisamehe. Nilikosea. Sikuzihesabu siku ulizonipigia."

"Karibu ukae kwanza."

"Sikai. Niambie tu kwamba hatujachelewa."

Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole.

"Kaka alipofariki, wazee walitaka nimrithi shemeji. Nikakataa. Nikasema nina mchumba Tabora, shemeji nitamfundisha ushonaji ajitegemee. Ndiyo maana nilikuwa naja huku. Niliona aibu kukwambia wazee walichokitaka, nilijua utaogopa."

"Ningeogopa. Lakini ningejua."

"Barua iliporudi mikononi mwao, wakaniita tena. Wakasema, haya, mchumba wako yuko wapi? Nawe ulikuwa umenifungia namba, Zuwena. Ijumaa iliyopita nimefungishwa ndoa na shemeji."

Ndani Mwanamkuu alisikika akikohoa, wala hakutoka.

Zuwena akashika nguzo ya baraza. "Nitakuwa wa pili. Nitamwomba baba."

"Baba yako alirudisha barua kwa mkono wake, unajua hatapokea nyingine. Na hata angepokea..." Akaokota bisibisi. "Sitamfanyia Mwanamkuu kile ulichodhani nimekufanyia wewe."

"Unanipenda bado?"

"Usiniulize hilo kwenye nyumba hii."

Akamsindikiza hadi stesheni, hatua tatu nyuma yake, kama mtu na mke wa mwenzake. Treni ya kurudi ilichelewa. Walikaa ncha mbili za benchi moja.

Basi, binti unayesoma haya, yaepuke yafuatayo:

Usipokee maneno ambayo aliyeyasema hatajwi.

Usiandike mabaya ya mtu ukaacha mema yake, hata kama unaandika moyoni tu.

Usimpime mwenzako kwa siri na mdomo wa kumuuliza unao.

Usidhani kwamba ukijua alikokwenda umejua alichofuata.

Usimjibu mama yako kwamba hawezi kuelewa.

Na wewe kijana, usimfiche mchumba jambo la ukoo wenu kwa kuona aibu.

Tena binti, usimtume mzazi kwenda kukataa wakati bado una hasira. Yeye akishakataa, wewe huna tena pa kurudi.