Moteri ya Mzee Sleiman

Injini ya gari iliyokaa bila betri tangu Idi haina haki ya kuwa na joto. Hamimu aliinua boneti ya ile Peugeot 404 nyeupe, akagusa chuma, akaurudisha mkono upesi kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Umeiwasha leo?" akamwuliza Mazin.

"Apana, fundi. Bateri niliitoa mi mwenyewe. Iko chini ya kitanda yangu."

Kijana alijibu akitazama chini. Nyumba yao ya Kibenga ilikuwa kimya, mapazia yameteremshwa mchana kweupe. Baba yake, mzee Sleiman, Mwarabu muuza vitambaa ambaye nusu ya mji ilimjua kwa gari hilo, alitoka siku moja ya vita kwenda upande wa Kajaga, asirudi. Kilichorudi ni gari. Askari walilikuta kwenye matete ya ziwa, milango wazi, wakalikokota hadi nyumbani. Tangu hapo, kila alasiri, injini ilinguruma yenyewe, na Kaltum, mke wa mzee, alitoka akaketi kiti cha mbele, akazungumza na kiti cha dereva kisicho na mtu.

"Leo amefunga mizigo," Mazin alinong'ona. "Anasema baba anakuja kumuchukua. Nimelia, hasikii. Maalim alikuja akasoma, akashindwa. Akasema hili jini limeingia kwa uongo, na litatoka uongo wake ukitajwa mbele yake. Na mama ameapa kwa msahafu: kama moteri, hii injini, ni ya baba, anaenda. Kama ni ya kigeni, atakubali baba amekufa. We ndiye fundi wa hii gari siku zote. Angalia, nakuomba."

Kaltum alikuwa ameshatoka. Alikuwa amejifukiza udi kama bibi harusi, sanduku mkononi.

"Hamimu, mwanangu, usinipotezee wakati. Mi najua sauti ya bwana yangu."

"Nipe nafasi kidogo tu, mama."

Kwanza alitafuta namba. Alisugua grisi kwa kitambaa chenye petroli hadi tarakimu zikajitokeza kwenye chuma, akazilinganisha na zile za kibati kilichogongomewa kwenye bodi. Zilikuwa zile zile.

"Si nilisema!" Kaltum alicheka, macho yamejaa machozi.

Lakini namba hupigwa kwa nyundo, na nyundo haikosekani gereji yoyote. Hamimu alikumbuka jambo jingine. Miaka ya amani, gari hili lilichemka kwenye mlima wa Bugarama, injini ikapasuka ubavu, naye ndiye aliyeuziba ule ufa kwa shaba, upande wa bomba la moshi, mahali jicho halifiki. Mshono ulibaki mnene kama kidole.

Aliingiza kioo kidogo ili auone. Kikashika ukungu, kana kwamba mtu amekihemea. Akakifuta, akakiingiza tena, ukungu tena. Basi akaupitisha mkono wenyewe, na ulipozama kati ya mabomba ikamjia harufu ya tope la ziwa na ya kitu kilichokaa majini siku nyingi, na vidole vilipofika pale palipopasuka zamani havikukuta shaba wala mshono wala hata chuma, vilikuta kitu laini, cha vuguvugu, kinachopanda na kushuka polepole kama ubavu wa mnyama aliyelala, na kutoka humo ikaja sauti ya mzee Sleiman, ile ile ya upole aliyokuwa akimkaribisha nayo chai, ikasema sikioni mwake peke yake:

"Hamimu. Sema ni yenyewe. Nitaondoka na huyu mama, na nyumba yako sitaijua. Ukisema ingine, nitakosa mahali pa kulala."

Alimfikiria Zubeda, mkewe, aliyemwacha peke yake Buyenzi na mimba iliyokwisha kuwa nzito. Angeweza kusema neno moja tu, akanawa mikono, akaenda zake. Kisha akamwona Kaltum ameshika kitasa cha mlango wa gari, na Mazin nyuma yake, mikono kichwani.

"Mama Mazin," akasema akiutoa mkono, "si yenyewe. Moteri ya bwana wako niliiziba kwa hii mikono. Hii haina kovu. Namba ni ya kuigiza. Na huyu anayekuita, naye ni wa kuigiza."

Injini ikalipuka kwa mngurumo hadi vioo vya nyumba vikatetemeka, ikatapika maji meusi na majani ya matete kwenye bomba la moshi, ikakohoa, ikazima. Boneti ikaanguka yenyewe. Kaltum alikiachia kitasa.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akasema, akaketi palepale kwenye yale maji, akakilia kile kilio alichokizuia tangu mumewe apotee. Mwanawe akamkumbatia.

Hamimu aliondoka kwa baiskeli; saa ya watu kujifungia ndani ilikaribia. Baiskeli ilikuwa nzito, kama amempakia mtu nyuma. Hakugeuka. Alisoma Ayatul Kursiyyu huku akikanyaga, jasho likimchuruzika, na alipofika daraja la Muha uzito ukatoka ghafla, baiskeli ikachomoka mbele. Akamshukuru Mungu, akacheka peke yake njiani kama mwendawazimu.

Buyenzi milango yote ilikuwa imefungwa. Akabisha kwake.

"Nani?" Zubeda aliuliza.

"Ni mi. Fungua upesi, askari wanapita."

Kisha sauti ya mkewe ikaja karibu na ubao wa mlango.

"We mutu, usinichezee. Bwana yangu ameisha ingia. Eko hapa anakula."

Ndani, mtu akakohoa kikohozi cha Hamimu. Akasukuma sahani, akasema kwa sauti ya Hamimu, bila haraka:

"Usimufungulie, Zubeda. Huyo si mi."

Na Hamimu, akiwa amesimama nje, akamsikia mkewe akishusha komeo la pili.