Marehemu Amekuja Kupimwa Gauni

— Chana zaidi hapo kwenye goti. Bado linaonekana goti la mtu aliyeshiba.

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akamtazama mchumba wake, akaendelea kuisugua suruali kwa kipande cha tofali. Ndiyo kazi yao hiyo: nguo inatoka dukani inanukia upya, Fundi anaitia wembe, anaisugua, anaibandika kiraka, mpaka ionekane imeokotwa. Maana mchumba huyo ni mwanamuziki, nchi nzima inamwita Jalala. Amekulia jalalani, anaimba, kwa makombo ya watu.

Kilichomtoa ni wimbo wa viatu. Mama na mtoto wana jozi moja. Asubuhi mama anaivaa kwenda kufua nguo za watu, mchana anarudi mbio kumvulia mtoto awahi zamu yake shuleni. Mwisho mama anakufa. Wimbo huo umewaliza watu kuliko kitunguu.

Yote hayo yalimpata Fundi. Alimsimulia Jalala walipoanza kupendana, naye Jalala akamshika mkono akasema, "Hata mama yangu alikuwa hivyohivyo, na yeye alikufa. Ngoja niwaimbe wote wawili." Hapo ndipo Fundi alipokwisha kabisa. Nani asingependa mtu anayeijua njaa yake?

— Harusini upande wako atakaa nani? Fundi akamuuliza sasa.

— Nilishakwambia, sina mtu. Naenda kunyoa, nikirudi nachukua suruali, jioni niko redioni.

Hajafika mbali, mlangoni akaingia mama mmoja wa makamo, amependeza mpaka cherehani zikaona aibu.

— Shikamoo mama, karibu.

— Marahaba mwanangu. Nishonee gauni. Mtoto wangu anaoa.

Fundi akachukua futi, akaanza na kifua.

— Hongera. Anaoa wapi?

— Anaoa fundi cherehani.

— Ana bahati huyo fundi. Mama mkwe anajua kuvaa.

— Hajui kama nipo. Anajua nimekufa.

Futi ikagoma kwenye nyonga.

— Mimi ndiye yule marehemu wa kwenye wimbo, mwanangu. Nimeusikia niko saluni. Wanawake wanalia kila kona, na mimi nimo humohumo napakwa rangi ya kucha. Ikabidi nilie, nisionekane nina roho mbaya.

— Mama, umekosea duka. Mchumba wangu amekulia jalalani.

— Jalala lipi? Huyu tangu ana miaka sita yuko shule ya bweni ya kulipia. Farasi wa kupanda, bwawa la kuogelea, mwalimu wa kinanda. Likizo akirudi nyumbani anauliza kwa nini mezani uma ni mmoja.

Fundi hakucheka.

— Na viatu?

— Vya kupandia farasi tu alikuwa na jozi tatu.

Fundi akakaa kwenye kigoda. Farasi hawakumuuma. Viatu ndivyo vilivyomuuma.

Jalala akarudi, kichwa kinang'aa. Akasimama mlangoni kama aliyemwona mzimu, na kwa hesabu zake alikuwa amemwona kweli.

— Mama.

— Umeniona? Basi sijambo.

— Fundi wangu, nisikilize kwanza. Msanii wa mtaani aliyesomea shule ya farasi, nani atamnunua? Wangenicheka.

— Sina ugomvi na farasi, Fundi akasema polepole. Mama yangu umempeleka wapi? Watu wanamlilia yeye, pole unapokea wewe.

— Nikisema ukweli nimekwisha.

— Usiposema nimekwisha mimi. Nenda redioni. Nitakuwa nasikiliza.

Akaondoka bila suruali. Kidogo simu ya Fundi ikalia, ujumbe: "Usinifanyie hivi. Nakupenda, hilo sikudanganya."

Fundi akajibu: "Nitajuaje?"

Jioni wakwe wawili hao wakakaa kuisikiliza redio ya dukani, kila mmoja anaangalia upande wake.

— Jalala, mtangazaji akaanza, tukumbushe habari za marehemu mama.

Jalala akakohoa.

— Mama yangu yuko hai. Ana gari zuri kuliko la bosi wako.

Mtangazaji akacheka, akidhani anataniwa.

— Nimesoma shule ya farasi, sijawahi kulala jalalani. Na vile viatu ni vya mama wa mchumba wangu. Yeye ndiye aliyefua nguo za watu. Yeye ndiye aliyefariki. Nilichukua bila kuomba.

Simu za wasikilizaji zikamiminika.

— Kwa hiyo jalala uliliona kwenye picha? akauliza mmoja, na studio ikaangua kicheko.

— Tumpigie mchumba, mtangazaji akasema, mate yanamtoka. Aseme hapahapa kama amesamehe.

Simu ya Fundi ikaita. Akapokea.

— Dada, uko hewani.

— Mimi niko dukani. Hewani sikai. Anayenitaka anajua njia.

Akakata. Redioni kikasikika kiti kikiburutwa, mlango ukapigwa, mtangazaji akaita "Jalala, Jalala, hatujamaliza," kisha likawekwa tangazo la sabuni.

Jalala alipofika dukani jasho lilikuwa linamtiririka. Mama yake akawahi kuuliza.

— Ungeimba lolote, mwanangu. Kwa nini uliniua?

— Kukuua nilianza zamani, mama. Kulekule shuleni. Siku ya wazazi, wenzangu wanakimbilia magari, mimi niko kwenye ngazi naangalia geti. Mwaka mmoja nikawaambia umekufa. Ndipo nikaacha kusubiri.

Yule mama, mwenye utani wote ule, akafungua mkoba, akaufunga.

— Nilikuwa namtuma dereva. Na zawadi.

— Dereva alikuwa anakuja. Nilimpenda sana.

Fundi akawatazama mama na mwana wasiojua hata pa kuwekeana mikono. Mama yake yeye alikuwa anakuja mbio kila mchana. Hasira haikumtoka, ila huruma ikaingia, zikabanana humohumo kifuani.

— Hilo la kwenye ngazi ndilo ungenisimulia siku ile, akamwambia. Ningekupenda nalo.

— Na wimbo nitaufuta.

— Usiufute. Useme wa nani, kila unapouimba jukwaani.

— Nitasema. Na harusi?

— Harusi ya nani? Yule wa jalalani siolewi naye, hayupo. Wewe wa farasi ndiyo kwanza nakuona leo. Nitaolewaje na mtu nisiyemjua?

— Sasa nifanyeje?

— Nitongoze. Mama, samahani, geukia ukutani kidogo. Na wewe usithubutu kuimba.