Mwanasesere Aliyezibwa Macho

Jirani yangu Gerlinde hanunui mwanasesere wa kauri halafu asimvue wigi. Sisi wa Sonneberg, mji wa Ujerumani uliojaa viwanda vya wanasesere, tumekua katikati ya vichwa hivyo vya kauri. Bibi zetu walivipaka rangi mashavu jikoni mwao. Basi Jumapili ile, kati ya kahawa na keki ya plamu, Gerlinde alimvua wigi mwanasesere wake mpya na kumchungulia ndani kupitia tundu la utosini.

"Wamemziba macho kwa plasta ya jasi," alisema. "Wajinga gani hawa?"

Wanasesere hawa wa zamani hufumba macho wakilazwa, hufumbua wakisimamishwa. Huyu alikuwa amefumba moja kwa moja.

"Si muuzaji alikwambia umwache hivyohivyo?" aliuliza Traudel, mdogo wake.

"Muuzaji anaogopa hata kivuli chake. Nipe kisu."

Alikwangua taratibu mpaka plasta ikatoka. Macho yakafumbuka. Yalikuwa ya buluu, mazuri ajabu. Nikageuka nimwambie Traudel ayaone.

Traudel alikuwa amelala, uma mkononi.

Tulimwita. Tulimtikisa. Tulimmwagia maji. Alipumua, lakini kila pumzi ikitoka ilichelewa zaidi kurudi. Nilimpigia daktari simu. Gerlinde akamlaza mwanasesere chali. Hakufumba. Alikuwa anamtazama Traudel.

"Mvunje!" nilisema. Niliogopa, sifichi.

"Nikimvunja macho yakiwa wazi, nani atayafumba tena?" alinong'ona.

Kisha akamwinamia yule mwanasesere, uso kwa uso. "Sikiliza, kichwa kitupu wewe. Nyumba hii yangu, na huyu mdogo wangu. Utalala."

Akambana macho kwa vidole gumba. Yalikataa. Niliona mikono yake ikisukumwa juu. Damu ikamchuruzika vidoleni, hakuachia. Nikachota plasta anayotengenezea wanasesere wake, nikaikoroga kwenye bakuli la krimu.

"Mimina!"

Nikamimina utosini. Tukangoja. Traudel hakupumua. Plasta ikaanza kupata moto, ikaganda.

Traudel akavuta pumzi ndefu. "Mbona kahawa imepoa?" akauliza.

Nililia kwa furaha. Daktari alifika, akampima, hakuona kitu. Gerlinde naye akambeba yule mwanasesere, akampanga kabatini pamoja na wenzake.

"Unamweka?" nilimuuliza.

"Nimtupe akamkute mtoto wa watu? Atakaa hapa, chini ya macho yangu."

Asubuhi tulimvua wigi tuone kama plasta imekauka. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Katikati yake palikuwa pamevimba ncha za vidole vitano, vidogo kuliko vya kichanga, vilivyosukuma kutoka ndani.

Mimi nilirudi nyuma hadi mlangoni. Gerlinde alivitazama bila kupepesa, kisha akavuta bakuli.

"Sukuma, mama, sukuma," alimwambia. "Plasta ninayo gunia zima."